Panga la Byabato

Mtu mmoja alikuwa na kibanja cha migomba mia tatu, na mwana mmoja kijana, jina lake Byabato. Mwaka ule ugonjwa wa mnyauko uliingia kijijini kwao. Mgomba ukiupata, majani hugeuka njano, na ndizi huiva kabla ya siku zake zikiwa zimeoza ndani. Dawa hakuna. Bwana shamba alipita nyumba kwa nyumba akasema jambo moja tu: ugonjwa unabebwa na panga, kwa hiyo kila ukimaliza mgomba mmoja, lipitishe panga motoni kabla hujagusa mwingine.

Jambo moja. Halikuhitaji shule wala fedha. Kuni zilikuwepo.

Baba yake alimkumbusha asubuhi, akamkumbusha mchana. Siku mbili Byabato alitii. Siku ya tatu wenzake walimkuta amechuchumaa kando ya moto, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Byabato, unachoma panga au mishikaki?"

"Mwacheni, panga lake lina homa!"

Akaona aibu. Akaufukia moto kwa udongo, akaenda nao kukata ndizi za pombe kwenye mashamba yao, panga moja likipita mikono mitano. Baba alipomuuliza, akajibu, "Tata, migomba yetu ina nguvu. Itazame ilivyonawiri."

Na Byabato hakuwa na roho mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alipotoka kwenye mashamba ya wenzake alipitia kwa shangazi yake Kemilembe, mjane, aliyekuwa na migomba kumi na miwili nyuma ya nyumba na hakuwa na chakula kingine. Kwa desturi yao, kijana mwenye panga hapiti kwa mjane bila kumpogolea migomba. Byabato akalipangusa panga kwenye suruali, akaipogolea yote. Shangazi akambariki.

Miezi miwili haikupita. Kwenye kibanja cha baba yake ilinyauka migomba tisa. Wakaing'oa, wakaifukia, wakaendelea kula. Kwa shangazi ilinyauka yote kumi na miwili.

Byabato alikwenda na jembe kumsaidia kung'oa. Alimkuta amekaa mlangoni, sufuria limefunikwa kifudifudi. Akaanza kueleza kwamba panga lilikuwa linang'aa, kwamba wenzake nao hawakulichoma, kwamba yeye alikuja kwa mapenzi tu. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia:

"Mwanangu, kama ungenichukia ukakaa kwenu, leo ningekuwa na ndizi."

Panga ni mikono yetu, na moto ni maji na sabuni. Nadhani hata hilo halikuhitaji kuelezwa. Lakini ninyi vijana wenzangu, mnaosema kila siku kwamba ugonjwa huu unaoenea sasa kati yetu watu hauwaui vijana, ni nani aliyewaambia kwamba mnaombwa kunawa mikono na kuvaa barakoa kwa ajili yenu peke yenu?