Kigae cha Bi Kazija

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Utuambie wewe, sisi tumeleta masikio tu!

Haya. Hapo kale palikuwa na bibi mmoja, Bi Kazija, na mjukuu wake wa kike, Mize. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa kijiji, kando ya njia, na mlangoni pao palikaa mtungi juu ya mafiga matatu. Mtungi wa sabili ule: apitaye na anywe, asiulizwe jina. Kata ya kifuu ilining'inia ukutani.

Kila asubuhi Bi Kazija alirudi kutoka kisimani na ndoo. Lakini kabla hajaujaza mtungi, alichota kata moja, akaimimina kwenye kigae kilichokuwa chini. Kigae tu, kipande cha chungu kilichovunjika. Akasema, "Wa Mola kwanza." Kisha akajaza mtungi. Kisha yeye na mjukuu wakanywa.

"Bibi, kigae cha nani?"

"Cha wa Mola."

"Wa Mola ni nani?"

"Wewe mimina, mjukuu wangu. Mengine utayajua ukikua."

Mize akamimina. Alidhani ni cha kuku. Nanyi mngedhani hivyo hivyo, msimcheke.

Siku zikenda, siku zikaja. Bi Kazija akaugua. Akasema, "Mize, nyumba hii ya udongo, itaanguka. Mtungi usikauke."

"Haukauki, Bibi."

Akafa, akazikwa. Watu wakala hitima, wakaenda zao.

Mwaka ule mvua ikagoma. Kisima cha kijiji kikakauka, maji yakawa ya kufuatwa bondeni. Na huko bondeni ni nenda, nenda, nenda, ndipo ufike. Shangazi yake, Mwanaheri, akamletea salamu: "Unafanya nini huko peke yako? Njoo ukae kwangu, mto unapita mlangoni." Mize akajibu, "Nina mtungi." Shangazi akacheka.

Maji yalipozidi kuwa machache, Mize akapunguza pale alipoona panapunguzika. Akaacha kujaza kigae. Kuku wenyewe walikwisha kuliwa kwenye hitima, kigae cha nini?

Siku ya kwanza akakuta maji ya mtungi yana vumbi. Akamwaga, akaenda bondeni. Siku ya pili yana matope. Akamwaga, akaenda bondeni. Siku ya tatu akajificha nyuma ya mlango.

Akaja nani?

— Sungura!

Nani tena? Akaja anapiga mluzi. Akanywa. Akanawa uso. Kisha akapanda juu ya mtungi, akatumbukiza miguu yote miwili, akawa anajisugua vidole huku anaimba:

"Maji ya bure, mnywaji haulizwi!
Maji ya bure, mwogaji haulizwi!"

Mize akamrukia, akamdaka masikio.

"Mwizi we! Haya maji ya Mungu!"

"Kwani mimi wa nani?"

Hasira ikampanda Mize maradufu.

"Bibi yangu kavunjika mgongo miaka yote ile, kwa ajili ya miguu yako?"

Hapo imani ikamtoka Mize, nawaambieni kweli. Akaona bibi yake alidanganyika, na yeye kadanganyika nyuma yake. Akaushika mtungi aupindue, afunge mlango, aende zake kwa shangazi.

"Pindua," Sungura akasema. "Lakini unipe changu kwanza."

"Chako kipi?"

"Kigae changu. Siku tatu hizi kikavu. Bibi yako alinikamata hapa hapa, kwa masikio haya haya, wewe hujaota meno. Nami nikamwambia, kwani mimi wa nani? Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nikakuta kigae. Akasema, 'Wewe wa Mola, na miguu yako ya Mola, ila isikutane na midomo ya watu.' Tangu siku ile sikuugusa mtungi. Sasa aliyevunja ahadi ni nani, mimi au ninyi?"

Mize akamwachia. Akakaa chini, akalia, maana alimkumbuka bibi yake. Kumbe Bi Kazija hakudanganywa na yeyote. Alimjua mnywaji wake, akamjazia vivyo hivyo, tena akamtanguliza. Wahenga husema tenda wema nenda zako. Yeye hakwenda zake, alikaa akajaza tena.

"Ukimaliza kulia," Sungura akasema, "kigae bado kikavu."

Mize akausugua mtungi, akaleta ndoo. Akachota kata moja, akamimina. "Wa Mola kwanza." Kisha mtungi. Yeye likambakia funda moja.

Mnangoja niseme mvua ikanyesha papo hapo? Haikunyesha. Ilichelewa miezi miwili, na Mize akaenda bondeni miezi miwili. Shangazi alipochoka kungoja, akaja mwenyewe kumchukua. Akafika koo limemkauka, akanywa kata ya kwanza, akanywa ya pili, akanywa ya tatu. Habari za mto hakuzitaja tena.

Mize alizeekea mlangoni pale. Walikuwako waliosema kwamba alipoteza maisha yake bure. Walisema hivyo wakiwa na kata mkononi.

Ngano yangu imefika kisimani, haina pa kwenda tena. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi. Na aliye karibu na mtungi anichotee maji. Lakini kwanza atazame kigae.