Foleni ya Winifred

Kamba ni nyuzi tu, na jiwe ni jiwe. Lakini nenda kisimani utazame ukingo: utaona mahali kamba ilipolila jiwe kwa kupita palepale kila siku. Desmond Oldroyd wa mji wa Halifax, Uingereza, alichelewa mno kuuona ukweli huu, na aliyemwonyesha ni mkewe.

Winifred alikuwa mwandishi wa riwaya. Kila alfajiri, iwe mvua iwe theluji, alijifungia katika kibanda cha bustani na birika lake la chai, akaandika. Wachapishaji walimrudishia kazi zake. Chache zilizochapishwa zilishika vumbi madukani. Alipoalikwa kusoma maktabani, alisikilizwa na mkutubi na ajuza mmoja aliyekimbia mvua.

"Mke wangu, huchoki?" Desmond alifoka siku moja. "Nipe kibanda nikuze humo vitunguu vyangu vya mashindano ya ukubwa!"

Winifred alinywea. "Kesho nasoma riwaya mpya. Ukumbi ukiwa mtupu tena, kibanda ni chako. Sishiki tena kalamu maisha."

Desmond alikuwa ameshinda, lakini usiku ule hakupata usingizi.

Jioni iliyofuata alikwenda kumchukua. Nje ya maktaba aliikuta foleni imezunguka kona, watu wamelowa chapachapa. Mwingereza ni Mwingereza: alisimama mkiani kwanza, ndipo akauliza.

"Tunangoja basi gani?"

"Basi gani, mzee wangu?" alijibu mwanamke aliyekuwa mbele yake. "Kusoma kumekwisha, sasa Winifred Oldroyd anatia sahihi vitabu! Mji mzima unakisoma wiki hii. Hiki changu kimeniliza mpaka nimeunguza chakula."

Desmond alipigwa na butwaa. "Huyo... huyo ni mke wangu."

"Lo! Basi pita mbele!"

"Niruke foleni? Nitawatazamaje watu usoni?"

Akangoja kwenye mvua kama wenzake, akiwasikia wageni wakibishana juu ya watu aliowaumba mkewe kana kwamba ni majirani zao. Haya yote yametoka kibandani mle, alijiambia, nami nilitaka kupanda vitunguu!

Alipofika mezani, Winifred hakuinua kichwa. "Niandike jina la nani?"

"La mjinga wa vitunguu," alijibu Desmond. "Kibanda ni chako, mama. Vitunguu na viote popote."

Winifred alimtazama, akacheka huku machozi yakimtoka.

Hakika, papo kwa papo kamba hukata jiwe.