Mkeka wa Mtoto wa Raya

Aanziwaye ukili humaliziwa mkeka. Nimemwambia Zuwena maneno hayo kwa sababu tangu alasiri kamshika mdogo wake mkono anamwandikisha herufi, na mtoto mwenyewe anatazama kuku. Sasa nyote mmenizunguka mnataka kujua methali hii imetoka wapi, hata maji yangu sijanywa. Haya, kaeni. Ilianza hivi.

Katika kijiji cha Mkungumeni palikuwa na binti akiitwa Mize. Kwa kusuka ukili, ule utepe wa miyaa, majani makavu ya mkindu, ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka, hakuwa na mwenzake. Ila hakuwahi kuanza hata mmoja. Mwanzo wa ukili ni mgumu, wanangu. Miyaa bado haijashikana, ukikohoa tu imetawanyika. Somo yake, Bi Nunu, mwanamke aliyemfunda akiwa mwari, alimpenda mno, basi kila mara alimwanzia shibiri moja, kisha akamwachia aendeleze. Mize akaendeleza, akasifiwa, akapewa kashata. Nani angelalamika?

Sasa, pale kijijini palikuwa na desturi. Mkeka wa kumlazia mtoto mchanga husukwa na mkono mmoja, mwanzo hadi mwisho, na aliyeusuka ndiye anayekaa na mzazi na kumwogesha mtoto mpaka arobaini itimie. Raya, dada yake Mize, alikuwa na mimba ya kwanza, na mama yao alikwisha fariki. Alimtaka mdogo wake, hakumtaka mwingine. Mize akishindwa, kazi ingekwenda kwa Bi Kazija, shangazi wa mume wa Raya, mwanamke ambaye hata paka wa nyumbani kwake walimpisha njia. Raya alimwogopa kuliko uchungu wenyewe.

Siku zilipokaribia, Mize akakabidhiwa miyaa mbele ya wanawake. Akapanga, akakunja. Ikatawanyika. Akapanga tena, ikatawanyika tena. Bi Nunu akanyoosha mkono amsaidie.

"Mkono mmoja, Bi Nunu," alisema Bi Kazija. "Kumbe mwari wako hajui kuanza? Basi aanziwaye ukili humaliziwa mkeka. Nitausuka mimi."

Raya akaanza kulia. "Shangazi, tafadhali, mpe hata hadi kesho."

"Hadi kesho. Mtoto hangoji."

Bi Nunu akamchukua mwari wake nyumbani, akajaribu kila alichokijua. Akamchapa vidole. Akamwahidi kashata, mtu mzima yule. Akamweleza kwa maneno, mpaka Mize akaweza kuyarudia yote bila kukosea. Akasuka yeye mwenyewe, Mize akimtazama. Binti alielewa kila kitu, ila mikono yake haikuelewa chochote.

"Siwezi, somo," alisema Mize, machozi yakimtoka. "Mwambie dada anisamehe."

Bi Nunu akauliza, "Hebu niambie, wewe unajua nini?"

"Kuendeleza tu."

"Basi anzia hapo unapojua."

Akampa ukili mkuukuu, mmoja wa zile alizomwanzia zamani. Halafu akaikalia mikono yake yote miwili, maana aliijua: ikiachwa huru, itakwenda kusaidia.

Mize akafumua mkunjo mmoja, akaurudisha. Akafumua miwili, akairudisha. Akazidi kurudi nyuma kidogo kidogo, na kila alikotoka alijua namna ya kurejea. Mwisho miyaa yote ikawa imelala mapajani, hakuna uliomshika mwenzake. Bi Nunu alikuwa akijiuma midomo. Mize akapanga, akakunja. Ikashika.

"Somo, imeshika," alisema, akaogopa hata kuinua macho.

Bi Nunu alilia kwa furaha, bado kaikalia mikono.

Kesho yake Mize akauanza mkeka wa mtoto mbele ya wanawake, kwa mkono wake mwenyewe. Ulipokwisha, Bi Kazija aliupindua, akavuta mishono, akautazama pale ulipoanzia. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema. "Na mgongo wangu huu, ningemwinamia mtoto vipi?" Kumbe naye alikuwa akiomba usiku na mchana binti aweze! Raya alicheka mpaka wakahofia atajifungua palepale. Na Mize ndiye aliyemwogesha mtoto.

Baadaye Mize akawa somo wa wengine. Hakumwanzia mtu. Alimpa mwari ukili afumue, na aliyelia apewe mwanzo aliambiwa neno lile la Bi Kazija.

Basi wewe Zuwena, karibuni utakuwa mwalimu, utasimama darasani mbele ya watoto wa watu. Mwachie huyo mkono. Haya, mnaona? Kaandika kitu. Sijui ni herufi au ni kuku, lakini ni chake. Aa, usimrekebishie. Kalia mikono, mama. Aanziwaye ukili humaliziwa mkeka.