Atakayebeba Picha ya Mwalimu

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anapiga miayo.

Huko Tukuyu walikuwapo watatu walioendesha steshenari moja. Gwantwa alikuwa na jicho la rangi. Ambokile alikuwa na sikio: mashine ikikohoa, anajua inaumwa wapi. Bupe alikuwa na mkono mwepesi. Wote walifundishwa kusoma na Mwalimu Asangalwisye, na mwalimu huyo sasa alikuwa ndani ya jeneza.

Mjane wake aliingia dukani na simu. "Wanangu, marehemu hakupenda kupigwa picha. Nina hii moja tu. Nitoleeni, na atakayeitoa ndiye atakayetangulia mbele ya jeneza ameibeba."

Katika ukoo ule, hiyo ni heshima ya mtoto wa kwanza, na mwalimu hakujaliwa mtoto.

Wakajaribu kwenye karatasi ya kawaida. Mwalimu akatoka na uso wa kijani. Gwantwa akajua wino mwekundu hautoki. Kichwa cha printa kina matundu membamba kuliko unywele, kila tundu linatema tone lake, na ya wino mwekundu yalikuwa yamekauka. Akayalainisha kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu mpaka yakatema.

Wakajaribu tena. Rangi nzuri, ila kichwa kinagonga pembeni na nusu ya uso imehama. Ambokile akatega sikio. "Kimepotea njia," akasema. Ndani mna utepe mwangavu wenye vistari, kichwa huusoma kujua kimefika wapi. Ulikuwa na mafuta. Akaufuta taratibu.

Ikabaki karatasi ya picha, moja tu dukani, na rola za kuivuta zimechakaa, zinateleza. Bupe akaisindikiza kwa vidole, pumzi ameibana, mpaka mwalimu akatoka mzima, anatabasamu.

Mjane akalia sana. Kisha akauliza, "Haya, nani?"

Ambokile akasema, "Gwantwa ndiye aliyeukausha wino. Kila siku anaizima printa ukutani kuokoa umeme, kichwa kinabaki wazi, hakijarudi kwenye kifuniko chake."

"Ni kweli," Gwantwa akasema. "Ndiyo maana naumia kuliko ninyi."

Picha ilikuwa bado mikononi mwa Bupe.

Jeneza limeshanyanyuliwa, watu wanangoja. Na msiniambie waibebe wote. Mama alisema mmoja. Je, wewe ungempa nani?