Mpapai Dume wa Mashavu

Paukwa!
—Pakawa!
Masikio yapo?
—Yapo!
Na vyombo vimeoshwa?
—Kesho!
Haya, ya kesho yaacheni kesho. Sogeeni.

Hapo kale palikuwa na mjane, jina lake Mashavu. Watoto watano, jembe moja, mgongo mmoja. Kwao ardhi haikuwa na hati. Hati ilikuwa mti. Mwenye mti unaozaa, kiwanja chake. Asiye na mti, mpita njia.

Arobaini ya mumewe haijatimia, shemeji yake Makame akaja.

"Shemeji, uani humu sioni mti. Kiwanja kinarudi kwangu."

"Kaka yako ndiye hakupanda. Nami nipo hai, nitapanda."

"Utapanda kwingine. Funga mizigo."

Majirani wakasema, "Mpe mwaka."

Makame akacheka, akakubali. Mwaka! Mnazi hauzai kwa mwaka. Mwembe hauzai kwa mwaka. Mfenesi hauzai kwa mwaka.

Mashavu akachimba shimo, akatia samadi, akapanda miche mitatu ya mipapai. Mnauliza kwa nini mitatu? Mpapai mchanga hausemi kama ni dume au jike mpaka utoe maua.

Asubuhi anamwagilia, anaimba. Mchana anapalilia, anaimba. Jioni mgongo unamuuma, anaimba. Imbeni nami!

*Mpapai kua, kua,*
*nina watu wa kulaza,*
*sina pa kuwapeleka.*

Mbuzi wa Makame akala mche mmoja.

"Mbuzi hana akili," akasema Makame.

"Wa kwako, atazitoa wapi?" akasema Mashavu, akazungushia miche miiba.

Ikabaki miwili. Ikarefuka, ikachanua. Mmoja, maua yaling'ang'ania shina: jike. Wa pili, maua yalining'inia kama hereni: dume.

Makame huyo, na panga mkononi. Limenolewa!

"Shemeji, nakuonea huruma. Dume halizai, linakunyonyea mbolea tu. Nikukatie?"

Mashavu akashika kiuno. Mtu hajaleta hata kibaba cha unga tangu msiba, leo analeta huruma? Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kwako una majike mangapi, shemeji?"

"Sita! Yamezaa mpaka yameinama."

"Na madume?"

"Moja tu, lile la..." Makame akajiuma ulimi.

"La nini? Si la kuyachavusha majike? Mbona hilo hukulikata?"

Makame akalishusha panga.

"Basi nenda kaanze na la kwako. Ukimaliza, uje kwangu."

Hakurudi na panga. Dume likabaki. Wadudu wakaenda kwa dume, wakarudi kwa jike, wakaenda, wakarudi.

Mwaka ukatimia. Majirani wakajaa uani. Makame akaja na kamba ya kupimia kiwanja. Akainua macho. Lo! Mapapai yamebanana shinani kama watoto watano kitanda kimoja. Moja limeiva. Mashavu akaliangua, akalipasua mbele ya watu, jekundu!

Makame akaruka. "Chavua imetoka kwa dume langu! Mtoto huitwa kwa baba yake, na mwenye baba ni mimi!"

"Kweli, shemeji," akasema Mashavu. "Mtoto huitwa kwa baba. Na baba yao huyu hapa, amesimama uani kwangu. Mwamkie."

Majirani wakacheka mpaka wakakaa chini. Makame akakunja kamba yake, fundo kwa fundo, akaenda zake. Na Mashavu? Alikata papai vipande, akalisha wanawe kwanza, kisha majirani, kisha akala cha kwake, ameketi, kwenye kiwanja chake.

Hadithi imefika mlangoni, nami naifungua iende. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, chimbeni shimo mpande yenu.