Punda Aliyesomwa kwa Kioo

Wahenga hawakupayuka waliposema bandu bandu huisha gogo. Walimaanisha kwamba kazi kubwa humalizwa kwa vipande vidogo, mradi mkono usikate tamaa. Anayetaka kulimaliza gogo zima kwa siku moja na ajaribu. Mgongo wake utamjibu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1956 aliishi Thika mchongaji mmoja aitwaye Kaleli. Vumbi la machimbo ya mawe lilikuwa limemwachia kikohozi kibaya, akaapa kwamba sasa angekula kwa patasi yake. Mkewe, Mbithe, alimpa muda.

"Hadi Pasaka, Baba Nzomo. Watoto hawali vinyago. Pasaka ikifika bila riziki, utarudi machimboni."

Kaleli aliitikia. Alijua kifua chake hakingestahimili mwaka mwingine wa vumbi lile.

Basi akabuni kisa cha Bibi Wanza na punda wake mkaidi, kiendelee kwa picha moja kila wiki. Alichonga picha na maneno kwenye ubao, akapaka wino, akakandamiza karatasi juu yake. Maskini! Alisahau kwamba chapa hugeuza kila kitu. Maneno yalitoka kinyumenyume. Sokoni watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

"Kaleli, hiki Kiarabu umejifunzia wapi?"

Hakuuza hata moja. Kwa aibu, alizibeba karatasi zake hadi Ruiru, akampa rafiki yake Gachanja, kinyozi, azitumie kupangusia wembe.

Jumamosi iliyofuata alienda kunyolewa, akakuta watu wamejazana kibandani kama siafu. Gachanja alikuwa amebandika karatasi moja ukutani, mkabala na kioo. Kila aliyeketi kitini aliiona kiooni, na maneno yote yakasomeka sawasawa: punda amegoma katikati ya mto, maji yanapanda, itaendelea.

"Ndiye huyu!" Gachanja alipaza sauti. "Ngai! Umeniletea balaa. Mteja huyu hapa kitini nimemnyoa jana. Leo amerudi hana hata unywele mmoja, eti anauliza kama punda amevuka."

"Samahani, rafiki yangu. Nitayanyoosha maandishi."

"Thubutu! Ukiyanyoosha watayasomea barabarani. Yaache hivyo hivyo, watu waje kwenye kioo changu!"

Kaleli akarudia patasi yake. Usidhani mambo yalikuwa mteremko. Wiki ya pili alipata kinyozi mmoja tu wa kununua picha zake, wiki ya tano watatu. Wiki ya tisa mvua ililowesha nakala zote, akalia kama mtoto. Alitaka kukimaliza kisa upesi akiuze kizima, aondokane na mashaka. Mbithe, ambaye sasa alipaka wino mwenyewe, alimkemea.

"Ukimfikisha punda nyumbani leo, wiki ijayo watu watafuata nini? Chonga ya wiki hii, bwana!"

Akachonga ya wiki hiyo, na ya wiki iliyofuata. Wachumaji wa kahawa wakaanza kutaka nakala za kusomea nyumbani. Wamalwa, muuza vioo, akazichukua kwa mafungu, akauza kila kioo na punda wake. Unga ukawa haukosekani nyumbani kwa Kaleli.

Jumamosi ya Pasaka Dalmas, msimamizi wa machimbo, alibisha hodi.

"Mama, nimemfuata Kaleli. Nafasi yake bado ipo."

Mbithe alitoka mikono imejaa wino. Uani vinyozi sita waliketi wakingoja picha mpya.

"Mpe mtu mwingine," alisema kwa furaha. "Mume wangu ana kazi. Punda ameingia kanisani, na harusi haijaisha."

Dalmas alitaka kuondoka, miguu ikakataa.

"Harusi ya nani?" aliuliza, akavuta kigoda akaketi na wale vinyozi.

Ndani, Kaleli aliendelea kubandua ubao wake, kipande kwa kipande. Hakika, bandu bandu huisha gogo.