Pinde Tatu Zilizopanda na Kushuka

Wewe, umewahi kupigiwa makofi kwa kazi ambayo hukuifanya? Usijibu. Sikiliza kwanza.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, maana viyoyozi vilikuwepo na viliwashwa siku za wageni rasmi, palikuwa na okestra katika jiji moja kubwa. Okestra hiyo ilikuwa na wapiga fidla watatu na kiti kimoja cha mbele. Atakayethibitishwa kwenye kiti hicho anaajiriwa. Wengine wanabaki vibarua: leo wanaitwa, kesho wanasahauliwa, keshokutwa wanapiga harusini huku wageni wakigombea pilau.

Wa kwanza ni Zefania, aliyesoma Ulaya. Watu walijuaje? Aliwaambia. Kila siku. Ndiye aliyekikalia kiti kwa muda. Wa pili ni Adelaida, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Wa tatu ni Kibwana, hodari na mpole, aliyekaa nyuma yao na kuonekana kuridhika huko.

Sheria yao ni moja: upinde wa mbele, ule ufito wa kusugulia nyuzi za fidla, ukipanda, wote wanapanda, ukishuka, wote wanashuka. Ndiyo maana wanapendeza kutazamwa. Na ndiyo maana mtu anaweza kuuacha upinde wake ukiogelea hewani, umbali wa unywele mmoja juu ya nyuzi, asijulikane, mradi jirani yake anapiga.

Ikaja jioni ya onyesho. Kikafika kile kipande kigumu, ambapo okestra nzima hunyamaza na fidla tatu hukimbia peke yake kama kuku waliofukuzwa jikoni.

Zefania akapandisha upinde. Adelaida akapandisha. Kibwana akapandisha. Zikashuka. Zikapanda. Zikashuka. Sauti? Mbu angepita, angesikika. Mwongozaji akaendelea kupunga fimbo yake, jasho likimtiririka. Angefanyaje?

Kipande kilipokwisha, ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi. Watu wenye tiketi za mbele hawapendi kuonekana hawakuelewa.

Nyuma ya jukwaa mambo yalikuwa mengine.

"Kaka Zefania, umetuua. Ulikuwa unapiga fidla au unafagia hewa?" akauliza Adelaida.

"Na wewe dada, ulikuwa unapaka rangi ukuta?"

"Jamani, mimi nilikuwa nawafuata nyie," akasema Kibwana.

Mlango ukafunguka. Akaingia Mzee Kilowoko, mlezi wa okestra, ambaye bila yeye hakuna okestra wala viyoyozi. Macho mekundu, leso mkononi.

"Kimya kile!" akasema. "Mama yangu alipokata roho, nyumba ilinyamaza vilevile. Sijalia tangu siku ile, hadi leo. Nani amekibuni? Aniambie. Kiti cha mbele ni chake."

Basi kosa lililokuwa yatima likapata wazazi.

"Ni mimi, mzee," akasema Adelaida. "Kile kipande nakipiga hata usingizini. Nilinyamaza kwa makusudi." Makusudi yenyewe yalikuwa Zefania abaki peke yake aumbuke, lakini hilo hakulitaja. Mzee ana mambo mengi, kwa nini amchoshe?

"Shikamoo, mzee," akasema Kibwana. "Mimi pia nakiweza. Lakini mtu wa nyuma hawatangulii wa mbele. Nilingoja sauti yao. Ilipokosekana, nikatunza nidhamu. Bila nidhamu yangu, mzee, kimya kile kingevunjika." Nidhamu! Nyumba inaungua, yeye na ndoo yake ya maji anangoja mwenye nyumba amkaribishe.

Wote wakamgeukia Zefania. Adelaida akakunja mikono, tayari kusikia habari za Ulaya.

Zefania akamtazama mzee, akaitazama ile leso iliyolowa.

"Pole kwa mama, mzee," akasema. "Hakuna aliyebuni kitu. Kile kipande sikiwezi. Sijawahi kukiweza. Siku zote napitisha upinde hewani na hawa wawili wananibeba. Leo hawakunibeba. Ulicholilia ni kushindwa kwangu."

Haya, mliokaa hapo. Yupo aliyeweza akanyima, yupo aliyeweza akangoja, na yupo asiyeweza, aliyesema kweli. Kiti ni kimoja na mzee bado amesimama mlangoni. Je, nyie mngempa nani?